Magitaa ya zamani yaliyolala stoo: angalia shingo kabla ya kuangalia bei

Mkuu, umeuliza hivi: kuna duka la vyombo vya muziki Mombasa linafunga, mwenye duka ametoa stoo magitaa makavu ya zamani ambayo hayajawahi kuuzwa, mengine bado yamo kwenye maboksi yake. Kuna Yamaha za toleo la FG za miaka ya 70, kuna galatoni (Gallotone za Afrika Kusini), na muuzaji anasema kwa kuwa hayajapigwa basi ni mapya na bei ni ya mapya. Unataka moja la kupiga na moja la kuweka uje uuze. Mimi ni fundi wa magitaa hapa Tanga na mzigo wa namna hiyo napokea mara kwa mara, kwa hiyo acha nikujibu kwa kirefu, maana kwenye hili watu wanapigwa sana.

Gitaa likikaa bila kupigwa halijapumzika. Kama liliondoka kiwandani nyuzi zimekazwa na hakuna aliyezilegeza, seti ya kawaida ya chuma inavuta shingo na kifua (ubao wa mbele wa gitaa) kwa zaidi ya kilo 70, usiku na mchana, miaka yote hiyo. Weka juu yake joto la stoo ya mabati, na unyevu wa pwani unaopanda masika na kushuka kiangazi. Mbao zinavimba na kunywea, gundi inachoka. Nimeona magitaa yenye mikwaruzo tele, yaliyopigwa na mtu mmoja aliyeyatunza, yakiwa na afya kuliko haya yanayong'aa.

Mteja mmoja aliniletea Yamaha ya kundi hilohilo. Freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, hazina hata alama ya uzi. Ukilitazama kwa mbele ni bibi harusi. Nikaligeuza ubavu: kwenye freti ya 12 nyuzi zimesimama karibu milimita 5, wakati mpigaji anataka 2 hadi 2.5, na kifua kimetuna nyuma ya daraja, kile kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi kifuani. Shingo yenyewe ilikuwa imenyooka vizuri tu. Kilichohama ni pembe yake, pale inapoungana na mwili wa gitaa. Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapochanganya mambo. Shingo iliyopinda kidogo unairudisha kwa kukaza chuma kilichomo ndani, ikiwa gitaa lina nati ya kukikaza (si yote yanayo, hata Martin, kampuni ya magitaa ya Marekani, walianza kuweka chuma cha kurekebishika mwaka 1985 tu). Pembe ikihama, shingo inabidi ing'olewe, ichongwe na kurudishwa. Na kwenye hizi Yamaha gundi ni ngumu kweli; mvuke unaolegeza kiungo cha Martin unahangaika nayo. Gharama inaweza kupita bei ya gitaa. Yule mteja tulikubaliana nipunguze mfupa wa darajani, ule nyuzi zinaopita juu yake, mpaka mwisho. Likapigika, ila sauti ikapungua nguvu.

Kwa hiyo nenda na rula ndefu ya chuma iliyonyooka. Mwambie muuzaji akaze nyuzi mpaka sauti yake sahihi, na ubebe seti mpya ya nyuzi nyepesi kwa sababu zilizofungwa zinaweza kukatika. Usikubali kupima nyuzi zikiwa zimelegea, gitaa bovu linajificha hapo. Laza rula katikati juu ya freti, isogeze kuelekea daraja. Ncha ikiteleza juu ya mgongo wa ubao wa daraja, endelea kuongea bei. Ikigonga uso wa mbele wa daraja, chini ya mgongo, lirudishe kwenye boksi lake.

Likipita hapo, ingiza kioo kidogo na tochi kwenye tundu la sauti. Tafuta mbavu za ndani (fito zinazoshikilia kifua) zilizoachia, hasa chini ya daraja, na ugonge kifua kwa kidole taratibu. Ubavu ulioachia unalia kwa mtetemo. Angalia kama kuna unga wa mbao chini. Bungua akishaingia, sahau. Ukijani kwenye freti usikutishe, unatoka kwa kusugua. Mafuta ya funguo za kukazia yanakuwa yameganda, hilo nalo dogo. Sponji ya kwenye boksi ndiyo ya kuiangalia vizuri: ikizeeka inayeyuka na kung'ang'ania vanishi, na ukiivuta unaondoka na rangi.

Sasa lebo. Ndani ya tundu, FG za mwanzo kabisa, zilizoanza mwaka 1966, zina lebo nyekundu yenye jina Nippon Gakki, ambalo ndilo lilikuwa jina la kampuni hadi 1987. Hizo zilitengenezwa Japani na zinatafutwa hata Ulaya na Marekani. Ukikuta FG-180 ya lebo nyekundu na rula ikapita, hilo ndilo la kuweka. Zilizofuata nyingi ni za Taiwani. Ni nzuri kupiga, lakini bei yake isizidi ya F310 mpya dukani, lile gitaa la Yamaha la bei nafuu la wanaoanza. Usiambiwe ni mbao nzima, kifua cha FG-180 ni plaiwudi. Kwa pwani yetu mimi naipenda plaiwudi hiyo, haipasuki ovyo hali ya hewa ikibadilika.

Galatoni nazo ni hivyohivyo. Gallotone ya Afrika Kusini ilikuwa inauzwa na ahadi kwamba haitapasuka. Najua wauzaji wanapenda kumtaja John Lennon. Ni kweli alikuwa anapiga Gallotone Champion mwaka 1957 akiwa na The Quarrymen, na gitaa lile liliuzwa mnadani London mwaka 1999 kwa zaidi ya pauni 140,000. Pesa ile ililipwa kwa sababu ya mikono ya Lennon. Hilo lililoko Mombasa ni gitaa la bei nafuu lenye sauti kavu, fupi, ya kupendeza ukipiga kwa vidole viwili mtindo wa kina Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Kongo, na ningelinunua kwa ajili hiyo kwa moyo wote. Lifunge nyuzi nyepesi, namba 11 (unene wa uzi mwembamba kuliko yote) au chini ya hapo.

Na akikuambia lolote kati ya hayo lina rozwudi ya Brazili, jua kwamba tangu 1992 mbao hiyo haivuki mipaka kibiashara bila vibali, kwa hiyo ndoto ya kuliuza nje inakuwa na makaratasi.

Ukienda, piga picha tatu uziweke hapa: lebo, ubavu wa gitaa ukionyesha nyuzi kwenye freti ya 12, na ncha ya rula ilipokutana na daraja. Usitoe hata shilingi ya kishika nafasi kabla ya hapo.