Ukitaka kuuona mwezi, usiusubiri ujae

Kila mwezi ukijaa, simu yangu haipumziki. "Kaka, leo mwezi umetoka mkubwa ajabu, tuje na watoto tuuone kwa darubini yako?" Nami hujibu lile lile: mmechelewa kama siku sita, njooni mwezi ujao. Wapo wanaodhani nawafukuza kwa adabu.

Mwezi mpevu ni mzuri kwa kutembea usiku na kupiga soga uani. Kwa kutazama milima na mashimo yake haufai kabisa. Jua huwa nyuma yetu, likiupiga mwezi usoni moja kwa moja. Vivuli vyote hupotea, na pasipo kivuli jicho haliwezi kutofautisha kilichoinuka na kilichobonyea. Unabaki na sahani nyeupe yenye madoa, tena inakuumiza macho. Kinachotakiwa ni mwanga wa ubavuni, na huo unaupata pale mpaka wa mwanga na giza unapopita, yaani mahali ambapo kwa mtu aliyesimama huko jua ndilo kwanza linachomoza. Mpaka huo husogea kilomita 15 hivi kwa saa kwenye ikweta ya mwezi, kwa hiyo ukikaa na darubini saa mbili tatu utaona kilele kimewaka ambacho ulipoanza hakikuwepo.

Mimi nipo Fort Portal, magharibi mwa Uganda, na kazi yangu ya mchana ni kutembeza wageni kwenye maziwa ya kreta, Kasenda mpaka Katwe. Mambo ya mwezi ni mapenzi ya usiku tu. Nilichojifunza kwa miaka hii nakieleza kwa ufupi: achana na mwezi mzima. Chagua kreta moja, yaani shimo moja la duara, ijue kwa nyakati zake zote za mwanga, kisha kreta nyingine zote zitakuwa rahisi kusoma. Kwa anayeanza, yangu ni Copernicus, na sibishani na mtu juu ya hilo. Tycho ina sifa zaidi, lakini imezungukwa na vurugu la mashimo hata mgeni hajui aanzie wapi. Copernicus imekaa kwenye uwanda mweusi wa lava, peke yake, inaonekana.

Siku ya kuitazama ni moja au mbili baada ya mwezi kufika nusu. Huhitaji programu ya simu kwa hilo. Muulize Mwislamu yeyote mtaani anayefuata kalenda yake. Jirani yangu mmoja ni mzee wa msikitini, nikimkuta kibarazani namsalimu na kumuuliza, "Shikamoo Hajji, mwezi una siku ngapi leo?" Akijibu "Tisa, mwanangu," natoa darubini ndani. Akisema kumi bado ni sawa. Akisema kumi na nne, nalala.

Sasa kuna jambo ambalo vitabu vya kutoka Ulaya havitakwambia, kwa sababu haliwahusu. Ramani zao zimechorwa kwa mtu anayeutazama mwezi akielekea kusini, kaskazini ya mwezi ikiwa juu. Sisi tuko juu ya ikweta. Mwezi ukiwa mashariki, kaskazini yake iko mkono wako wa kushoto. Ukielekea kuzama magharibi, iko kulia. Ndiyo maana hilali yetu hulala chali kama inavyolala, wakati ya kwenye picha zao imesimama wima. Ukishika ramani bila kujua hili, utatafuta Copernicus pasipo na Copernicus na utamlaumu aliyekuuzia darubini. Dawa yake ni mkeka. Mwezi wa tarehe tisa au kumi, mnamo saa mbili na nusu usiku, unakaribia kabisa utosini. Tandika mkeka, lala chali, kichwa kaskazini na miguu kusini. Hapo ramani ya Ulaya na mwezi wa Uganda vinakubaliana, na shingo yako inasalimika. Copernicus utaikuta kushoto kidogo kwa katikati, juu kidogo, karibu na ule mpaka wa giza.

Kwa darubini ya macho mawili, ile ya 10x50 (inakuza mara 10, vioo vya mbele milimita 50), utaona kishimo cha duara, nusu kimejaa wino. Inatosha kwa siku ya kwanza. Vilele vya katikati na ngazi za kuta vinahitaji darubini ya kusimamisha, hata ndogo ya kioo cha milimita 60 au 70. Ukienda Kampala kununua, usidanganywe na namba kubwa ya ukuzaji iliyochapishwa kwenye boksi. Hizo ni porojo za biashara. Uliza upana wa kioo cha mbele, kisha utikise miguu ya kusimamia. Ikitetemeka dukani, uani itacheza ngoma.

Haya, tazama. Kreta hii ina upana wa kilomita 93. Safari ya barabara kutoka Kampala hadi Jinja ni fupi kuliko hapo. Kina chake ni kilomita 3.8 hivi kutoka ukingoni, karibu sawa na tofauti ya urefu kati ya sisi hapa Fort Portal na kilele cha Margherita kule Rwenzori. Ukisikia hivyo unapata picha ya korongo la kutisha, na kivuli kizito cha usiku wa kwanza kitakuunga mkono. Kivuli kinatia chumvi. Gawanya 93 kwa 3.8 uone: upana ni mara 24 ya kina. Ni sinia, si chungu. Rudi kesho yake usiku, jua la huko likiwa limepanda, utaiona sinia yenyewe.

Sasa kaa kwenye ukuta. Wageni wengi wanaruka moja kwa moja kwenda katikati, nami nawarudisha. Ukuta wa ndani hauteremki mara moja. Una ngazi, mabaraza makubwa yaliyopangana moja chini ya jingine, na katikati ya baraza na baraza kuna mstari wa kivuli. Ngazi hizo ni maporomoko. Jiwe la angani la kilomita kadhaa lilipogonga, kwa mwendo ambao huko angani ni wa makumi ya kilomita kwa sekunde, halikuchimba kama jembe linavyochimba. Nguvu yote iligeuka mshindo, mawimbi ya mgandamizo yakapita kwenye mwamba pande zote, na mwamba ukarushwa nje kufuata mawimbi hayo. Ndiyo sababu shimo ni la duara hata kama jiwe lilikuja kwa kuinama. Shimo la kwanza lilikuwa na kina zaidi na wembamba zaidi kuliko hili unaloliona. Halikuweza kusimama. Kuta zikakatika vipande vipande na kuteleza kuelekea ndani, na upana ukaongezeka. Yote hayo yalikwisha kwa dakika chache.

Wakati kuta zinashuka, sakafu ilikuwa inapanda. Mwamba uliogandamizwa ukaachiwa ghafla, ukaruka juu, ukagandia hapo: vile ni vilele vya katikati, vitatu, vimejipanga takriban mashariki kwa magharibi, kirefu kikifikia kama kilomita 1.2 kutoka sakafuni. Vipimo vya mwanga wake vimeonyesha madini ya olivini, kitu kisichotegemewa juu juu ya mwezi pale. Kimepandishwa kutoka chini sana. Yaani mlima huo umetoa nje mwamba ambao vinginevyo ungehitaji kuchimba kilomita nyingi kuupata. Mimi hapo ndipo huwa nashikwa. Sakafu inayozunguka vilele ina sura mbili: nusu ya kusini ina vilima vilima, ya kaskazini imelala laini zaidi, kwa kuwa mwamba ulioyeyuka na joto la mgongano ulijikusanya na kuganda.

Si kila kreta ina mambo haya. Ndogo, zile za chini ya kilomita 15 hivi, ni bakuli tupu bila ngazi wala kilele. Kuanzia hapo na kidogo zaidi kuta zinashindwa kujibeba. Hapa duniani mvutano ni mara sita ya ule wa mwezi, kwa hiyo kushindwa huko huanza mapema, kwenye shimo la kilomita mbili hadi nne tu.

Na hapa inabidi niwaonye ndugu zangu wa magharibi mwa Uganda hasa. Sisi tumekulia kando ya kreta, na macho yetu yamezoea volkano. Kila wiki mgeni ananiuliza ukingoni mwa ziwa kama ni kimondo kilichochimba. Hapana. Maziwa ya Kasenda na ya Katwe yalitobolewa kutoka chini, uji wa moto wa ardhini ulipokutana na maji ukalipuka. Ukikata ukingo wake unaona majivu ya volkano, tabaka juu ya tabaka, na mashimo yenyewe yamesongamana kwenye bonde la ufa, mahali ambapo ardhi imepasuka. Kwenye mwezi mashimo yametapakaa kila upande bila mpango, na ukingo ni mwamba ule ule wa pale uliopinduliwa na kumwagwa nje. Usione aibu ukichanganya. Wataalamu wenyewe walibishana miaka mingi. Mwanajiolojia Mmarekani Grove Karl Gilbert alieleza mwaka 1892 kwamba mashimo ya mwezi ni ya migongano, na wengi hawakushawishika. Ilipofika 1960, mwanajiolojia mwingine, Eugene Shoemaker, na wenzake walionyesha koesaiti, aina ya madini ya kwazi inayotengenezwa na mgandamizo mkali mno, kwenye shimo la Arizona, Marekani, lenye upana wa kilomita 1.2: ushahidi wa mgongano. Shoemaker huyo huyo ndiye aliyechora ramani ya kijiolojia ya eneo la Copernicus, akisoma tabaka lipi limelala juu ya lipi.

Kusoma lipi juu ya lipi hata wewe unaweza, na ndiyo sababu nyingine ya kuchagua kreta hii. Ukiwa umelala vile vile, tazama juu kulia kwa Copernicus, utaona kreta ndogo kiasi iitwayo Eratosthenes, kilomita kama 59. Nayo ina ngazi na vilele, usiku wa mwanga wa ubavuni ni nzuri sana. Sasa zirudie zote mbili mwezi ukijaa. (Ndiyo, mwezi mpevu una kazi hii moja.) Copernicus itakuwa doa jeupe lenye michirizi iliyorushwa mamia ya kilomita juu ya uwanda mweusi, mwenye macho mazuri huliona doa hilo bila darubini. Eratosthenes itakuwa imepotea. Michirizi ni mwamba uliosagwa, mpya, mweupe. Ukipigwa miaka na miaka na chembe za jua na vumbi la angani hufifia. Ya Eratosthenes imekwisha, na michirizi ya Copernicus imepita juu yake. Kwa hiyo Copernicus ni mdogo mtu. Kwa mdogo naongelea miaka milioni 800 hivi, umri uliokadiriwa kutokana na chembe za kioo zilizomo kwenye udongo ulioletwa na Apollo 12, safari ya Wamarekani iliyotua kusini mwa hapo Novemba 1969. Enzi ya sasa ya mwezi imepewa jina la kreta hii, na iliyotangulia imepewa jina la Eratosthenes.

Watoto wakiwepo, waonyesheni michirizi inavyozaliwa. Karai la majivu, juu yake tandaza unga wa mahindi tabaka jembamba, dondosha gololi kutoka urefu wa mtu mzima. Majivu yatatoka chini na kuchora miale juu ya unga. Wakirusha kwa kuinama watapata shimo refu refu, kwa kuwa gololi yao iko polepole, haina mshindo. Waelezeni tofauti hiyo, wataikumbuka kuliko somo la darasani.

Swali linalofuata daima ni kwa nini mwezi una mashimo mengi vile na sisi hatuna. Uganda ina jibu lake. Tarehe 14 Agosti 1992 kimondo kilipasukia angani na mawe yakanyesha Mbale. Kipande kimoja cha gramu 3.6 kilimgonga kijana kichwani, baada ya kupunguzwa mwendo na majani ya mgomba, naye hakuumia. Hewa ilikivunja na kukipunguza kasi njia nzima. Mwezi hauna hewa, hauna mgomba; hata chembe ya vumbi inafika na kasi yake yote. Wala hauna mvua ya kufukia ushahidi.

Mvua yetu, kwa upande mwingine, panga nayo. Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari ndiyo miezi ya kutegemea, ingawa moshi wa kuchoma nyasi hufanya mwezi kuwa mwekundu ukiwa chini, subiri hadi upande juu. Taa za mji zisikusumbue, mwezi una mwanga wa kutosha hata katikati ya Kampala.

Ukishaizoea Copernicus ya jioni, itazame ya alfajiri. Mwezi wa tarehe 22 au 23, baada ya swala, uko juu sana, na sasa jua la huko linazama. Kivuli kilichokuwa kinatoka ukuta wa mashariki kinatoka wa magharibi, na ngazi ambazo hukuwahi kuziona, kwa kuwa zilikuwa gizani, ndizo zinazowaka. Chora zote mbili kwa penseli kwenye daftari moja, kurasa zinazotazamana. Mchoro ukiwa mbaya si neno. Kuchora kunalilazimisha jicho kuamua kipi ni kivuli na kipi ni mwamba, na picha ya simu haikufanyii hivyo.