PCR Imesema Bakteria Bado Yumo, Lakini Mama Haharishi Tena

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 68, alipewa antibiotiki iitwayo klindamaisini kwa ajili ya kidonda cha mguu, na siku chache baadaye akaanza kuhara mara sita au saba kwa siku. Choo chake kilipimwa kwa PCR (kipimo cha vinasaba), akakutwa na bakteria aitwaye Clostridioides difficile. Alikunywa vankomaisini kwa siku 10 na kuhara kukakoma. Kwa kutaka uhakika tulirudia vipimo: PCR inasema bado yumo, kipimo cha sumu ya bakteria huyo kinasema hakuna kitu. Tuamini kipi? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba. Viaminini vyote viwili, kwa sababu havikuulizwa swali moja. PCR haitafuti ugonjwa wala sumu; hutafuta kinasaba, mara nyingi kile kiitwacho tcdB, ambacho humwezesha bakteria huyu kutengeneza sumu. Ndani ya mashine, sampuli hupashwa joto hadi nyuzi 95 hivi ili nyuzi mbili za DNA ziachane, kisha hupoozwa ili kila uzi unakiliwe, na kwa kuwa kila mzunguko huongeza nakala maradufu, baada ya mizunguko 30 kipande kimoja huweza kufikia nakala zaidi ya bilioni moja. Ndiyo maana jibu hutoka kwa saa chache, ilhali kuotesha bakteria maabara huchukua siku kadhaa. (Waliowahi kupimwa kifua kikuu kwa GeneXpert wamepimwa kwa njia hiyohiyo.)

Uhodari huo ndio unaoponza. Mashine haimtofautishi bakteria anayemwaga sumu na aliyelala kimya utumboni, wala na aliyekwisha kufa akaacha vinasaba vyake nyuma. Kipimo cha sumu nacho kina udhaifu wake, maana sumu ikiwa kidogo huipita bila kuiona. Kwa hiyo maabara nyingi huvitumia kwa pamoja, na daktari huyasoma majibu akiwa anamtazama mgonjwa.

Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kupeleka sampuli ya pili. Miongozo ya wataalamu wa Marekani hutaka apimwe mtu anayeharisha mara tatu au zaidi ndani ya saa 24 pasipo sababu nyingine, na haishauri kupima ili kuthibitisha kupona, kwa kuwa wengi waliopona huendelea kuonyesha vinasaba hivyo kwa wiki kadhaa. Fundi wa maabara aliye makini, akifungua kichupa akakuta choo kigumu kisichofuata umbo la kichupa, hukirudisha bila kukipima.

Basi mama asipewe dawa kwa sababu ya karatasi hiyo. Akianza kuhara tena, hasa ndani ya wiki nane zijazo, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, kwani ugonjwa huu hupenda kurudi. Nyumbani naweni kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa kuwa vitakasa mikono vya spiriti haviui vijimbegu vyake (umbo sugu ambalo bakteria huyu hujihifadhi ndani yake), na kila daktari atakayetaka kumwandikia antibiotiki aelezwe habari hii kabla hajashika kalamu.