Maswali ya Wasomaji: Kjetil Rekdal, Kiungo Aliyewaliza Mashabiki wa Moroko

Katika toleo lililopita tulichapisha makala mafupi kuhusu mabao ya dakika za lala salama katika Kombe la Dunia, na jina lililozua barua nyingi kuliko mengine yote lilikuwa la Kjetil Rekdal, kiungo wa zamani wa timu ya taifa ya Norwe. Tumechagua barua nne kutoka Kisumu, Nakuru, Kakamega na Busia.

SWALI: Mhariri, usiku ule wa Juni 1998 tulijazana kwa jirani hapa Kondele, sote tukiwa upande wa Moroko kwa kuwa ni Waafrika wenzetu. Waliwacharaza Uskoti mabao matatu kwa nunge, kisha tukaambiwa wameaga mashindano kwa sababu Rekdal amefunga penalti dhidi ya Brazil. Hadi leo nasema tuliibiwa. Je, ile ilikuwa penalti ya haki? (Shabiki mkongwe, Kisumu)

JIBU: Mzee wetu, uchungu wako naufahamu, na wengi waliokesha usiku huo, saa za hapa kwetu zikikaribia saa sita, wanao hadi leo. Hata hivyo, jibu langu ni kwamba penalti ilikuwa halali, na Rekdal hakuiba chochote.

Kabla ya mechi za mwisho za Kundi A, Brazil walikuwa na pointi sita na nafasi ya kwanza tayari ilikuwa yao. Norwe walikuwa na pointi mbili, huku Moroko na Uskoti wakiwa na moja kila mmoja. Kwa hiyo Moroko walipokuwa wakiwalaza Uskoti kule Saint-Étienne, Ufaransa, Salaheddine Bassir akifunga mara mbili na Abdeljalil Hadda mara moja, walikuwa wakielekea pointi nne, na Norwe hawangeweza kuwapita bila kuwashinda mabingwa watetezi wa dunia kule Marseille. Sare haingewafaa kitu. Bebeto wa Brazil alipofunga kwa kichwa katika dakika ya 78, kila mtu aliona kwamba hadithi ya Norwe imekwisha.

Dakika tano baadaye Tore André Flo wa Norwe aliupokea mpira upande wa kushoto, akamgeuza mlinzi Júnior Baiano, akaingia ndani na kusawazisha. Kisha, zikiwa zimebaki dakika chache, mpira ulipigwa juu kuelekea langoni, Flo akaanguka, na refa Esfandiar Baharmast wa Marekani akaelekeza kidole kwenye alama ya penalti. Kamera kuu ya televisheni haikuonyesha kosa lolote. Sisi tuliokuwa tukitazama tuliona mtu mrefu akianguka peke yake, na ndiyo maana lawama zilimmiminikia refa huyo kutoka kila pembe ya dunia. Baadaye zilipatikana picha za kamera ya televisheni ya Uswidi, zilizopigwa kutoka upande mwingine, na humo mkono wa Júnior Baiano unaonekana wazi ukiwa umeishika jezi ya Flo na kuivuta hadi kitambaa kikanyooka. Refa alikuwa ameona jambo ambalo mamilioni ya watu hatukuliona.

Nitaongeza jambo ambalo shabiki wa Moroko hupenda kulisahau. Timu hizo mbili zilikuwa zimekutana katika mechi ya kwanza kule Montpellier, Moroko wakatangulia mara mbili, na mara mbili wakakubali kusawazishiwa, hadi mchuano ukaisha 2-2. Ushindi siku hiyo ungewavusha bila kujali yaliyotokea Marseille. Kikosi kile cha Moroko, chenye Mustapha Hadji, kilicheza soka tamu kuliko Norwe, nalisema hili bila kusita, na Afrika ilibakiwa na Nigeria pekee katika hatua ya 16-bora. Lakini pointi zao zilipotelea Montpellier.

Sasa mfikirie Rekdal mwenyewe. Yuko mbele ya Taffarel, kipa aliyeshinda Kombe la Dunia mwaka 1994. Anajua kwamba akikosa, taifa lake linarudi nyumbani. Aliupiga mpira wavuni, mchezo ukaisha 2-1, na Norwe wakaingia hatua ya mwondoano ya Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1938, kabla ya kufungwa 1-0 na Italia kwa bao la Christian Vieri. Kukosea pale kungekuwa rahisi mno, na mimi humheshimu kwa kutokosea.

SWALI: Tunabishana hapa chuoni. Mwenzangu anashikilia kwamba Rekdal alivuma kwa sababu ya penalti hiyo moja tu, na kwamba hakuwahi kuchezea klabu ya maana. Tusaidie. (Mwanafunzi, Nakuru)

JIBU: Mwenzako amekosea, mwanangu. Rekdal, aliyezaliwa tarehe 6 Novemba 1968, alianzia Molde katika pwani ya magharibi ya Norwe, akahamia Borussia Mönchengladbach ya Ujerumani mwaka 1988, kisha akakaa Lierse ya Ubelgiji kuanzia 1990 hadi 1996. Baada ya msimu mmoja Rennes, Ufaransa, alijiunga na Hertha Berlin mwaka 1997, klabu hiyo ikiwa ndiyo kwanza imepanda daraja kurudi ligi kuu ya Ujerumani. Mwaka 1999 Hertha walimaliza wa tatu, na msimu uliofuata wakazilaza Chelsea na Milan jijini Berlin katika Ligi ya Mabingwa. Mwaka 2000 alirudi nyumbani kuichezea Vålerenga ya Oslo. Timu ya taifa aliichezea mechi 83 na kuifungia mabao 17.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya upili. Mabao 17 ni mengi kwa kiungo, hasa katika timu iliyosifika kwa kujihami. Alikuwa akiyapataje, na naweza kuwafundisha nini viungo wangu? (Mwalimu, Kakamega)

JIBU: Mwalimu, swali lako ndilo lililonifurahisha zaidi, kwa kuwa linamtazama mchezaji mzima.

Norwe ya miaka ya tisini ilifundishwa na Egil Olsen, aliyejulikana kwa jina la utani Drillo. Alipanga walinzi wanne, viungo watano na mshambulizi mmoja, kila mtu akilinda eneo lake badala ya kumfuata mpinzani, na mpira ukipatikana ulipelekwa mbele haraka iwezekanavyo. Pasi maarufu kuliko zote ilikuwa ile ndefu ya mshazari kuelekea winga ya kulia, alikokuwa Jostein Flo, mtu mrefu aliyewekwa pale makusudi ili aruke na beki wa kushoto, ambaye mara nyingi huwa mfupi. Wengi waliudharau mtindo huo, lakini uliifikisha Norwe nafasi ya pili katika orodha ya FIFA mwaka 1993, na tena mwaka 1995.

Katika mpango wa namna hiyo, kazi ya kiungo wa kati huanza pale mpira wa kichwa unapodondoka. Jostein Flo (si Tore André yule wa Marseille) akishinda mpira wa juu na pasiwe na mtu wa kuuokota, pasi nzima imepotea. Rekdal alikuwa hodari wa kufika pale mpira unapoangukia. Hakuwa na mbio za ajabu, ila alikuwa na mwili imara, shuti kali na uamuzi wa haraka, na alijua wakati wa kutulia nyuma na wakati wa kuchomoka.

Tazama mabao yake mawili. La kwanza ni la Oktoba 1992 uwanjani Wembley, katika mchujo wa Kombe la Dunia. Uingereza walikuwa wakiongoza kwa bao la David Platt, na Rekdal akafyatua shuti kutoka mbali lililompita kipa Chris Woods. Sare hiyo ya 1-1 iliwapa Norwe imani. Walimaliza kileleni mwa kundi lao, na Uingereza wakabaki nyumbani.

La pili ni dhidi ya Meksiko jijini Washington, tarehe 19 Juni 1994, katika Kombe la Dunia lenyewe. Rekdal alikuwa ameingia kutoka benchi muda mfupi tu kabla. Jan Åge Fjørtoft aliangushwa karibu na eneo la hatari, na mchezaji mwingine angesimama na kuinua mikono akidai kipenga. Refa Sándor Puhl wa Hungaria aliacha mchezo uendelee, na Rekdal, ambaye hakuwa amesimama hata kidogo, akaufikia mpira na kumfunga kipa Jorge Campos. Ndilo bao pekee ambalo Norwe walifunga katika mashindano yale. Timu zote nne za kundi lao zilimaliza na pointi nne na tofauti ya mabao sawa, na Norwe wakawa wa mwisho kwa kuwa walikuwa wamefunga machache kuliko wenzao. Kwa hiyo alifunga mabao mawili ya Kombe la Dunia: moja kwa sababu refa alinyamaza, na jingine miaka minne baadaye kwa sababu refa alipuliza. Mara zote mbili alikuwa tayari.

Viungo wako waambie wasimalize mbio zao mpira unapopigwa juu. Hapo ndipo zao zinaanza. Wapangie zoezi ambalo mshambulizi anarudisha mpira kwa kichwa na wao wanaufuata kutoka nyuma, kisha wapige langoni bila kuutuliza. Uwanja wa shule unatosha.

SWALI: Je, baada ya kustaafu aliingia katika ukocha, na amewahi kutwaa taji? (Msomaji, Busia)

JIBU: Ndiyo, na alianza kabla hata ya kuacha kucheza. Vålerenga walishushwa daraja mwaka 2000, na yeye akiwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja akawarejesha ligi kuu, kisha akashinda nao Kombe la Norwe mwaka 2002. Mwaka 2004 walilingana na klabu ya Rosenborg katika ligi kwa pointi na kwa tofauti ya mabao, wakakosa ubingwa kwa sababu tu Rosenborg walikuwa wamefunga mabao mengi zaidi. Kwangu mimi, kazi yake kubwa kuliko penalti ya Marseille ilifuata mwaka 2005: Vålerenga walitwaa ligi kwa pointi moja mbele ya klabu ya Start, taji lao la kwanza tangu 1984, na kuukatiza utawala wa Rosenborg ambao ulikuwa umedumu misimu 13 mfululizo.

Baadaye alizifundisha Lierse na Kaiserslautern bila mafanikio makubwa, kisha akashinda Kombe la Norwe mara mbili akiwa na Aalesund, mwaka 2009 na 2011. Fainali ya 2009 iliamuliwa kwa mikwaju ya penalti, na waliofungwa walikuwa Molde, klabu iliyomlea. Rosenborg wenyewe walimwajiri mwaka 2022, wakamaliza wa tatu msimu huo, na wakaachana naye mwaka uliofuata.