Vua Viatu Vyote Viwili: Kwa Mnaotaka Kuingia Kazi ya Miguu

Wadogo zangu mnaomaliza mafunzo ya udaktari, utabibu na uuguzi, wengi wenu mmeniuliza ilikuwaje nikaacha ndoto ya upasuaji mkubwa nikaenda kukaa kwenye kigoda, nimeshika nyayo za watu. Jibu langu linaanza na mama mmoja.

Nilikuwa mgeni kazini. Nimemaliza miaka 5 ya chuo na mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo, nimepangiwa kliniki ya kisukari katika hospitali moja ya serikali. Foleni ilianza alfajiri. Mama huyu alikuja kila mwezi bila kukosa, kajitanda khanga safi, kadi yake kaiviringa kwenye nailoni isilowe. Nampima sukari, nampima presha, namwandikia dawa, ananiombea dua, anaondoka. Mwezi wa nne sukari yake ilikuwa nzuri hata nikamsifu mbele ya wenzake. Mwezi wa tano aliletwa na bajaji, mguu wa kushoto umefungwa kitenge, harufu ikatangulia kuingia. Msumari mdogo ulikuwa umetoboa soli ya ndala yake, akautembelea siku kadhaa. Hakuusikia. Wiki ile ile alikatwa mguu chini ya goti.

Miezi minne alikaa mbele yangu na miguu ile, na sikuwahi hata mara moja kumwambia, "Mama, vua viatu nikutazame nyayo." Ningefanya hivyo ningegundua kwa dakika 2 tu kwamba miguu imekufa ganzi, na ningemfundisha kukung'uta ndala na kuipapasa kwa mkono kabla ya kuivaa. Somo la kwanza na kubwa kuliko yote ni hilo. Kila mwenye kisukari anayekaa mbele yako, vua viatu vyote viwili, na soksi pia. Usivue mguu anaolalamikia peke yake. Mara nyingi ule mwingine ndio ulio hatarini.

Kisukari cha muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu na mishipa ya damu. Ile ya fahamu ikifa, mguu hauumi tena. Jiwe likiingia kwenye kiatu halimsumbui mtu, maji ya moto hayamuunguzi kwa hisia zake, ila ngozi inaungua vilevile. Sisi tumelelewa kuamini kuwa kisichouma hakina neno. Kazi yetu ni kulinda mguu usioweza kujisemea.

Aliyelielewa jambo hili mapema ni Paul Brand, daktari Mwingereza aliyezaliwa India mwaka 1914. Alifika Vellore, kusini mwa India, mwaka 1946, akakuta wagonjwa wa ukoma wanapoteza vidole vya mikono na miguu. Watu waliamini ukoma wenyewe unakula nyama. Brand akafuatilia, akaona kuwa viungo vingi vilikuwa vinaharibiwa na kazi za kawaida, mwiko wa moto, kitasa kigumu, kiatu kinachobana, kwa sababu mwenyewe hasikii maumivu. Vidole vingine vilipotea usiku bila maelezo, mpaka walipokesha wakaona panya wanavitafuna mgonjwa akiwa usingizini. Wakaanza kuwapa wagonjwa paka. Miaka ya 1960 Brand alihamia Carville, Louisiana, Marekani, akakuta nyayo za wenye kisukari zina vidonda vilevile alivyoviacha Vellore.

Usidhani hayo ni ya India peke yake. Mwaka 2005 Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa wa kisukari hapa Dar es Salaam walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Mimi mwenyewe nimewapokea wa namna hiyo: mzee anaamka, anaona damu kwenye shuka, anadhani amejikuna. Ndiyo maana kwenye fomu yangu, baada ya swali la sukari na sigara, kuna swali la panya na la chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro. Wanafunzi hulishangaa siku ya kwanza.

Sasa kipimo chenyewe cha ganzi. Kuna uzi mgumu wa nailoni uliotengenezwa kujikunja kwa uzito wa gramu 10. Mguse mgonjwa kwanza mkononi ajue anachotafuta, kisha afumbe macho. Gusa chini ya kidole gumba, chini ya shina la kidole gumba na chini ya shina la kidole cha mwisho, ukibonyeza mpaka uzi ukunje, sekunde 1 au 2, basi. Usimwulize "Unasikia?" huku unagusa, maana wazee wetu wana adabu, watakuitikia "Ndiyo, daktari" hata kama hawasikii kitu. Uliza wakati mwingine bila kugusa kabisa. Na usiguse juu ya sugu, ngozi ile ni nene hata kwa mtu mzima wa afya. Kama huna uzi huo, gusa kwa ncha ya kidole chako, taratibu kama unyoya, ncha za kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano kwa kila mguu. Wataalamu wa Ipswich, Uingereza, walikipima kipimo hicho wakakiona kinafaa. Kwa hiyo usiseme umeshindwa kwa sababu ya vifaa.

Kisha tafuta mapigo mawili, la juu ya mguu na la nyuma ya kifundo kwa ndani. Mguu usio na mapigo ni habari nyingine kabisa: usiuchezee na wembe, usiufunge kitu cha kubana, mpeleke kwa wanaoshughulikia mishipa ya damu.

Halafu weka migongo ya mikono yako juu ya miguu yote miwili kwa pamoja ulinganishe joto. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu nimeona miguu mingi ikipotea kwa kukosa jambo hili dogo. Atakuja mtu mguu mmoja umevimba, mwekundu, una joto, hauna jeraha lolote, mapigo yanadunda kwa nguvu, wala hauumi sana. Wengi humpa antibayotiki, nyumbani wanasema karogwa au kakanyaga kitu kibaya. Huenda ni mguu wa Charcot, ambao umepewa jina la Mfaransa Jean-Martin Charcot. Mifupa inavunjika na kulegea ndani kwa ndani huku mwenyewe anatembea. Ukimwacha aendelee, unyayo hubinuka kwenda chini kama tumbo la mtumbwi, na hapo kidonda ni suala la muda. Mpumzishe mguu huo siku hiyo hiyo, mfunge hogo, yaani plasta ngumu kama ya mtu aliyevunjika mguu, na hogo lile atakaa nalo miezi, si wiki.

Nimetaja hogo. Wagonjwa wanalichukia na madaktari wengi wanaliogopa, lakini kwa kidonda cha chini ya unyayo kwenye mguu wa ganzi wenye damu ya kutosha na usio na usaha, sijaona dawa inayolishinda. Hogo lililofinyangwa vizuri linagawa uzito wa mwili mguu mzima badala ya kuuacha uangukie sehemu moja. Dawa za kupaka hazisaidii kitu kama mtu anatoka kwako na kwenda kukanyagia kidonda kilekile hatua elfu kadhaa kwa siku. Jifunze kulifunga kwa mtu anayelijua, usijifunzie kwa mgonjwa, kwa sababu hogo baya huzaa kidonda kipya.

Sugu nayo usiidharau. Sugu kwenye mguu wa ganzi ni ushahidi kwamba mahali hapo panabeba mzigo kupita kiasi, na mara nyingi chini yake kuna kidonda kilichojificha. Ipunguze kwa kisu safi, tabaka kwa tabaka. Mgonjwa asijikate mwenyewe nyumbani kwa wembe. Hapa kwetu kuna vijana wanaopita mitaani na vikapu, wanasugua visigino na kukata kucha za akina mama vibarazani. Nilianza kwa kuwafukuza karibu na kliniki yangu. Baadaye nikaona nimekosea, nikawaita sita, nikawakalisha asubuhi nzima, nikawaonyesha mguu wasiopaswa kuugusa. Sasa wananiletea wagonjwa kabla hawajagusa kitu. Ni watu wanaoona miguu mingi kwa siku kuliko mimi.

Fundi viatu pia ni mwenzako wa kazi. Wangu anakaa chini ya mwembe, hatua chache kutoka mlangoni. Nilimwonyesha namna ya kutengeneza makubazi yenye raba laini ndani na soli ngumu isiyotobolewa na msumari, mikanda mipana inayofungwa kwa nyuma ili vidole visikaze kuishikilia ndala. Tunachora unyayo kwenye karatasi, tunatia alama mahali pa sugu, yeye anachonga raba mahali hapo. Kiatu cha mtumba kinachobana kimeshanipa vidonda vingi kuliko misumari.

Na mzungumze na watu kwa maisha yao. Mzee anayeswali anatawadha mara tano kwa siku; nikamwambia, "Mzee wangu, kila ukitawadha tazama nyayo, na ukimaliza kausha katikati ya vidole," basi nimepata ukaguzi mara tano bila gharama. Akiacha unyevu pale kati, fangasi huingia, ngozi ikapasuka. Asiyeweza kuinama, mjukuu atamtazamia. Aonywe pia asitembee pekupeku kwenye sakafu ya jua kali, awe anatoka msikitini au anakwenda Hija. Na kukanda mguu kwa maji ya moto, wanaokupenda ndio watakaokukanda. Maji yapimwe kwa kiwiko cha mtu mwenye hisia.

Kuhusu kufungua kliniki nitasema machache. Kabla ya kulipa kodi ya pango, nenda ofisi ya mganga mkuu wa wilaya uulize vyumba vinatakiwa viweje, mimi nililipa miezi 6 kwanza, nikaambiwa nibomoe ukuta. Usianze peke yako. Mradi wa Step by Step, wa mafunzo ya kutunza miguu ya wenye kisukari, ulioletwa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000 na Dkt. Abbas akiwa mstari wa mbele, ulifundisha daktari na muuguzi wa kituo kimoja kwa pamoja, na niliiga hapo: muuguzi wangu anajua kila ninachojua, na kwa kufunga kidonda ananishinda. Vifaa vya mwanzo ni vichache. Kiti kirefu cha mgonjwa, kigoda chako, taa nzuri, beseni, visu, mashine ya kutakasia vifaa. Fedha nyingi nilizotumia kwa kitanda cha umeme ningezitumia kulipa mshahara wa mtu wa simu.

Maana kliniki ya miguu inasimama kwa simu. Kidonda kikipona, kazi ndiyo inaanza: karibu asilimia 40 ya waliopona hupata kingine ndani ya mwaka 1. Mwongozo wa IWGDF, kundi la kimataifa la wataalamu wa miguu ya wenye kisukari, unasema mguu wenye hisia na mapigo utazamwe mara 1 kwa mwaka, na ule uliowahi kuwa na kidonda au kukatwa utazamwe kila baada ya mwezi 1 hadi 3. Mtu asiyeumwa hatakumbuka tarehe. Kwa hiyo tuna daftari la namba mbili, ya mgonjwa na ya mtu anayeishi naye. Akikosa siku yake, anapigiwa jioni ileile. Ada ya ukaguzi nimeiweka chini kuliko huduma zote, kwa makusudi. Kidonda ndicho kinacholeta hela, na utajaribiwa kukisubiri. Mimi naiona ile ada ndogo kama deni langu kwa mama wa ndala.

Jambo la mwisho ni namna ya kukaa. Wazee wengi wanaona haya daktari kuwashika miguu. "Mwanangu, acha, michafu," watakwambia, wanairudisha chini ya kiti. Mwamkie shikamoo kwanza, kaa chini yake, umuoshe wewe mwenyewe kwenye beseni mkiongea habari za watoto. Hapo ndipo atakapokuambia kuhusu kile kipele alichokificha wiki mbili.

Anayetaka kujifunza na aje Jumanne, siku ya kubadilisha mahogo. Fika saa mbili asubuhi. Utaanza na beseni.