Bata Bandia kwa Mwindaji Anayeanza: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Ninajiandaa kwa msimu wangu wa kwanza wa kuwinda bata wa mwituni, nikiwa tayari na kibali na bunduki ya marisau. Nitawinda zaidi katika bwawa dogo lililozungukwa na matete, ambalo maji yake hayazidi kiuno, na mara chache kwenye ukingo wa ziwa kubwa. Sina mashua, kwa hiyo kila kitu nitakibeba mgongoni. Muuzaji mmoja amenishauri ninunue bata bandia, yaani sanamu zinazoelea majini ili kuwavuta bata walio hai, dazeni nne za aina mbalimbali, lakini rafiki yangu anasisitiza kwamba sita wanatosha. Nimsikilize nani, na nitazame nini ninapochagua?

JIBU: Rafiki yako yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa mimi ningekushauri ununue dazeni moja. Katika bwawa dogo, sita hadi kumi na wawili hufanana na kundi la kawaida lililotua kula na kupumzika, hali dazeni nne zingejaza maji yote na kuwanyima bata wanaokuja nafasi ya kutua. Makundi makubwa yana kazi yake kwenye ziwa pana, ambako bata hupita mbali na wanahitaji kuvutwa kwa macho kutoka umbali mrefu, lakini huko ni kwa mwindaji mwenye mashua na mwenzake wa kumsaidia. Wewe unayetembea kwa miguu gizani, ukiwa na bunduki na mzigo mgongoni, utauchukia uwindaji huu mapema ukianza na mzigo usiobebeka.

Kuhusu aina, usichanganye. Mahali popote anapopatikana bata kichwa-kijani, yaani karibu eneo lote la kaskazini mwa dunia, dazeni nzima na iwe ya huyo, kwa sababu bata wengi wengine wanaokula juu ya maji wamezoea kukaa naye na hutua bila wasiwasi mahali wanapomwona. Kama hapatikani unakowinda, chagua bata aliye wa kawaida zaidi katika maji yale yale utakayokaa. Njia ya uhakika ya kumjua ni kwenda huko asubuhi mbili tatu kabla ya msimu, bila bunduki, ukiwa na darubini tu. Utajifunza pia wanatua upande gani wa bwawa, na hilo litakufaa kuliko bata bandia wa bei ghali kupita wote, kwa maana bandia aliyewekwa mahali ambapo bata hawapendi kwenda hana nguvu ya kuwabadilisha nia.

Hesabu pia madume na majike kabla hujalipa. Mwanzoni mwa msimu madume wengi huwa bado hawajamaliza kubadilisha manyoya, na kwa macho yetu hufanana na majike wa rangi ya kahawia. Kundi lenye vichwa vya kijani vinavyong'aa kila upande halilingani na kipindi hicho. Baadaye, madume wanapokuwa wamekamilika, ubavu wao wa rangi ya kijivu nyepesi huonekana kutoka mbali na ndio unaofanya kazi ya kuita. Kwa hiyo nunua nusu kwa nusu. Mwanzoni mwa msimu utawaacha madume kadhaa nyumbani, na baridi ikikaza utawatoa wote.

Jambo ambalo wanaoanza hulipuuza, na ambalo mimi nalipa uzito kuliko rangi, ni mkao. Watazame bata halisi waliotulia: shingo zao zimerudishwa chini, wengine wameelekeza midomo majini, wengine wamelaza vichwa mgongoni. Bata anaponusa hatari, shingo husimama wima kama kijiti, na wenzake wote huiga mara moja wakijiandaa kuruka. Sasa fikiria dazeni ya bata bandia ambao wote wamenyoosha shingo. Kwa bata anayezunguka juu, hilo ni kundi lililokwisha kuona jambo baya. Tafuta seti yenye mikao mchanganyiko, ambamo wengi wametulia na mmoja au wawili tu wameinua vichwa.

Ukubwa wa kawaida, unaolingana na bata mwenyewe, unakutosha. Wale waliotengenezwa wakubwa kupita kiasi cha asili huonekana vizuri kwenye maji mapana, lakini kumi na wawili wao watajaza mfuko ambao ungebeba karibu maradufu ya wale wa kawaida.

Mgeuze kila mmoja umtazame chini, kwenye mkuku, yaani ule ukingo ulio chini ya tumbo unaomfanya akae wima majini. Mikuku iko ya namna mbili. Ya kwanza ina uzito uliofungiwa ndani, na bata wa namna hii hata ukimrusha kutoka mbali hujigeuza na kukaa wima, tena hastuki upepo ukichacha. Ya pili ni mitupu, yenye tundu la kuingiza maji, na bata wake ni mwepesi sana begani lakini akirushwa huweza kuelea kifudifudi, na maji yakichafuka huyumba kupita kiasi. Wawindaji wengi watakuambia ya kwanza ni bora, na wana sababu. Hata hivyo, kwa mtu anayeingia majini mwenyewe na kumweka kila bata kwa mkono katika bwawa lililokingwa na matete, wepesi wa mkuku mtupu ni faida kubwa, nami ningeuchagua huo bila kusita. Siku utakapopata mashua na kuhamia ziwani, mkuku wenye uzito utakuwa na haki yake.

Wapo pia bata waliojazwa povu gumu, ambao hawazami hata marisau yakiwatoboa. Ni wazito zaidi na bei yao iko juu. Walio wazi ndani wanatosha kwa kuanzia, kwani tundu dogo huzibwa kwa gundi isiyopitisha maji na kazi ikaendelea.

Rangi ichunguze juani, si chini ya taa za dukani. Usitafute uzuri; tafuta rangi isiyometameta, kwa sababu mgongo unaorudisha mwanga kama kioo hauna mfano wake kwa bata aliye hai. Pitisha kucha taratibu kwenye mdomo na ncha ya mkia, sehemu zinazochubuka kwanza, uone kama rangi imeshika. Wala usidhani kwamba lazima kila unyoya uwe umechorwa. Katika pango la Lovelock, katika jimbo la Nevada nchini Marekani, watafiti walikuta mwaka 1924 bata bandia 11 wa umri wa takriban miaka 2,000, waliosukwa kwa matete. Baadhi yao walikuwa wamepakwa rangi na kuvikwa manyoya halisi, na umbo lao ni la aina moja ya bata inayotambulika hata leo. Wale waliowasuka hawakuhangaika na macho wala vidole. Walishika umbo la kichwa, mstari wa mgongo na mpangilio wa rangi nyeusi na nyeupe, na hayo ndiyo bata wa angani huyasoma kwanza.

Fedha utakayookoa kwa kutonunua dazeni nne ipeleke kwenye kamba na nanga za kumshikilia kila bata mahali pake. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu msimu wangu wa kwanza nilifunga kamba zote kwa urefu sawa na kina cha maji. Upepo ulipoanza kuvuma alfajiri, kila wimbi lilizinyanyua nanga kutoka chini, na kabla jua halijatoka nusu ya bata wangu walikuwa wamekwama katika matete ya ng'ambo. Kamba na iwe angalau mara moja na nusu ya kina, na mara mbili au zaidi palipo na mawimbi, ili nanga ivutwe kwa mshazari badala ya kunyanyuliwa. Kwa bwawa tulivu nanga ya gramu 115 inatosha. Kwenye mkondo au ziwa lenye upepo tumia ya gramu 200 na kuendelea. Rangi ya kamba iwe ya tope au kijani kilichofifia, na chagua ile isiyojisokota ovyo, kwa sababu kufungua mafundo gizani kwa vidole vilivyokufa ganzi kunakula muda ambao huna.

Unapowapanga, kumbuka kwamba bata hutua akielekea upepo unakotoka. Kaa upepo ukikupiga mgongoni, uwagawe bata wako mafungu mawili mbele yako, na katikati uache uwazi wa maji wa upana wa hatua kumi hivi. Uwazi huo ndio mlango, na bata wengi watajaribu kushukia hapo. Kati ya bata mmoja na mwingine acha mita moja na nusu au mbili, kwa maana bata waliobanana ni bata walio tayari kuruka. Yule wa mbali kabisa mweke mita 30 kutoka kwenye maficho yako, awe kipimo chako: anayepita nyuma yake mwache aende zake, usije ukamjeruhi na kumpoteza.

SWALI: Nimeona bata bandia wenye mabawa yanayozungushwa kwa betri, na nimeambiwa bila hao siku hizi hakuna bata atakayeshuka. Je, ni kweli?

JIBU: Si kweli. Mabawa hayo huvuta macho kutoka mbali na husaidia sana mwanzoni mwa msimu, lakini bata waliokwisha kupigwa risasi juu yake mara kadhaa hujifunza kuyakwepa. Tena soma kanuni za unakowinda kabla ya kununua, kwa sababu ziko sehemu ambako yamekatazwa msimu mzima au sehemu ya msimu, kama ilivyo katika baadhi ya majimbo ya Marekani. Nchi hiyo hiyo ilipiga marufuku mwaka 1935 matumizi ya bata hai kama chambo.

Kinachohitajika hasa ni maji kutikisika. Siku isiyo na upepo, bata bandia dazeni nzima huganda juu ya maji kama mawe, na hakuna rangi inayoweza kuficha hilo. Chukua kamba ndefu, uifunge kwenye kigingi au nanga nzito chini ya maji kwa kipande cha mpira unaovutika, uwaunganishe juu yake bata wawili au watatu, kisha ulete ncha ya pili hadi mafichoni. Bata wanapozunguka kwa mbali, vuta na kulegeza, na mpira utawarudisha. Vijiwimbi vitaenea bwawa zima na hata wale usiowavuta watayumba. Wakishakugeukia na kuanza kushuka, acha kamba, mkono utulie, na uinamishe uso wako.