Maswali ya wasomaji: mikunjo, magugu maji na ngozi ya sangara

Swali: Binti yangu anasoma sanaa. Amerudi nyumbani na karatasi zilizokatwa na kukunjwa, hazina hata sentensi moja, anasema ni "kitabu cha msanii". Hicho ni kitabu kweli au ni zoezi la mikono? *(Mzazi, Igoma)*

Jibu: Ni kitabu, mzazi wetu, na binti yako hajakudanganya. Kitabu cha msanii si kitabu chenye picha za msanii, wala si kitabu kinachoeleza habari za wasanii. Ni kazi ya sanaa ambayo mwenyewe ameamua iwe kitabu, hivyo ukubwa wake, namna kinavyofunguka, aina ya karatasi na mfuatano wa kurasa ndivyo vinavyozungumza. Bruno Munari wa Italia alianza mwaka 1949 kutengeneza vitabu visivyo na neno hata moja. Msomaji hufuata rangi za karatasi na jinsi zilivyokatwa. Dieter Roth, kuanzia 1961, alisaga vitabu na magazeti, akachanganya na mafuta na viungo kwa kufuata mapishi ya soseji, kisha akajaza kwenye utumbo wa soseji. Mwaka 1963 Ed Ruscha wa Marekani alichapa nakala 400 za kitabu chembamba chenye picha 26 za vituo vya mafuta, basi. Maktaba ya Bunge la Marekani ilikikataa, naye akakitangaza kwenye jarida la sanaa kwa kutaja huko kukataliwa.

Kipimo kizuri ni hiki: chukua yaliyomo, yabandike ukutani kwa mstari. Kama kuna kitu kimepotea, ujue umbo la kitabu lilikuwa na kazi yake. Mwombe binti akufungulie mwenyewe, polepole, nawe ushike.

Swali: Nimechora safari ya kivuko kutoka Mwanza hadi Nansio kwenye karatasi moja ndefu, nikaikunja kwenda na kurudi. Kufika mwisho kurasa hazilingani, rangi imepasuka kwenye mikunjo, na majalada yamepinda. Nimekosea wapi? *(Msomaji, Ukerewe)*

Jibu: Umbo umelichagua vema. Mwaka 1913 Sonia Delaunay na mshairi Blaise Cendrars walitengeneza kitabu cha namna hiyo huko Paris, shairi la safari ya treni ya Siberia lililoshuka pamoja na rangi kwenye karatasi ya karibu mita 2. Walipanga nakala 150 ili zikiunganishwa zifikie kimo cha mnara wa Eiffel. Safari inataka karatasi isiyokatika, na yako ni safari ya maji, isiyo na kituo cha kushukia katikati.

Kati ya makosa yako matatu, tuanze na la rangi kupasuka: chanzo chake kikubwa ni mwelekeo wa nyuzi. Karatasi ya kiwandani nyuzi zake nyingi zimelala upande mmoja. Ikunje kidogo bila kuivunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande unaolegea zaidi ndio nyuzi zilikolala. Mikunjo yote ya kitabu sharti iende sambamba na nyuzi hizo. Ukikunja kwa kuzikata, karatasi inameguka, na rangi iliyo juu yake inameguka nayo.

Chukua manila ya A1, sentimita 59.4 kwa 84.1, ambayo nyuzi zake zimelala kwa urefu. Ikate kwa upana upate vipande 4 vya sentimita 20 kwa 58. Kila kipande kina kurasa 4 za sentimita 14 na ulimi wa sentimita 2 wa kuunganishia. Cha mwisho hakihitaji ulimi. Jumla ni kurasa 16, yaani mita 2 na sentimita 24 kutoka manila moja.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanapima ukurasa wa kwanza, kisha wa pili kutoka kwa wa kwanza, na kuendelea. Kosa la milimita 1 kila mara linakuwa zaidi ya sentimita 1 na nusu ukifika wa 16. Usipime, gawanya. Weka kwanza alama ya ulimi kwa rula ya chuma na kalamu iliyokwisha wino, ukikandamiza. Leta ncha ya pili ifike kwenye alama ya ulimi, kunja, umepata nusu. Kila nusu ikunje tena katikati. Kisha geuza mikunjo ipishane, mmoja mbele, mmoja nyuma. Unganisha vipande kwa kubandika ulimi nyuma ya kipande kinachofuata, mkunjo wa ulimi ukae pale pale ukurasa mpya unapoanzia. Pembe za ulimi zipunguze kidogo zisichungulie.

Rangi ya maji nyepesi inavumilia mkunjo. Rangi nzito ya plastiki haivumilii hata ukifuata nyuzi, kwa hiyo acha milimita 2 wazi kila upande wa mkunjo, au kunja kwanza ndipo upake.

Majalada yamepinda kwa sababu umebandika kitambaa upande mmoja tu. Gundi ina maji: kitambaa au karatasi inalowa na kutanuka, ikikauka inarudi na kuivuta kadibodi. Dawa yake ni kuuvuta upande wa pili kwa nguvu ileile. Kata kadibodi ya milimita 2, sentimita 14.4 kwa 20.6, na nyuzi zake ziwe wima. Funika nje, kisha ndani bandika ukurasa wa mwisho wa manila yako mara moja, kabla nje hakujakauka. Weka kati ya mbao mbili chini ya uzito wa kilo 10 hivi, ukizungushia magazeti makavu. Yabadilishe baada ya saa moja. Kiangazi acha usiku kucha. Masika, kwenye visiwa, acha siku mbili kamili, maana hewa yenyewe ina maji.

Gundi ya uji wa ngano inafaa kuliko gundi nyeupe ya mbao ikiwa unahitaji muda wa kusogeza: kipimo 1 cha unga kwa 5 vya maji, koroga baridi kwanza, kisha pika hadi ing'ae. Matone 3 ya mafuta ya karafuu yanachelewesha ukungu. Usipake uji mwingi ukaubakiza pembeni, mende wanaupenda.

Swali: Wanafunzi wangu wanatengeneza karatasi kwa magugu maji. Inatoka ngumu, inajikunja na kuvunjika, na wino unasambaa. Sufuria nayo imeharibika. *(Mwalimu, Sengerema)*

Jibu: Mwalimu, tuanze na sufuria, maana ndiyo inayogharimu. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na magadi yanaila alumini. Tumia ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli isiyobanduka.

Magugu maji ni karibu yote maji: kilo 10 za mashina mabichi zinabaki kama nusu kilo zikikauka. Tumia mashina tu, tupa mizizi na majani. Kata vipande vya sentimita 2 hadi 3. Ukiacha marefu yatajifunga mafundo kwenye beseni. Kwa nusu kilo kavu weka gramu 100 za magadi katika lita 10 za maji, chemsha saa 2 hadi 3. Yameiva pale shina linapoachana kwa kuvutwa na vidole viwili. Vaeni glavu, kisha suuzeni hadi maji yatoke safi na yasiteleze mkononi. Magadi yakibaki, karatasi itabadilika rangi na kudhoofika.

Twanga kwenye kinu hadi nyuzi ziachane, usifikishe kuwa uji. Ugumu na kule kuvunjika kunatoka hapa: nyuzi za magugu maji peke yake husinyaa sana zikikauka, na ukizitwanga kupita kiasi zinasinyaa zaidi. Changanya sehemu 1 ya magugu na sehemu 2 za karatasi chakavu iliyolowekwa na kupondwa, au ongeza katani iliyochemshwa vilevile. Gramu 120 za mchanganyiko, ukihesabu ukavu wake, katika beseni la lita 20 zitawapa karatasi kama 20 za A4, uzito wa wastani. Kila mkitoa karatasi kadhaa ongezeni mchanganyiko, la sivyo za mwisho zitakuwa na matundu.

Karatasi isikauke ikiwa huru juani. Ikandamizeni kati ya vitambaa na mbao, kisha muibandike ikiwa mbichi kwenye kioo au ubao laini, ikaukie kivulini ikiwa imeshikiliwa. Kwa wino, pakeni juu yake maji mepesi ya wanga yaliyopikwa, kijiko 1 cha chakula kwa lita 1, kisha ikauke tena.

Jambo moja msilipuuze: konokono wa kichocho hukaa kwenye magugu hayo. Watoto wasiingie majini kuyavuna. Avune mtu mzima mwenye buti ndefu na glavu, na mabaki yasitupwe kwenye kisima wala bwawa jingine.

Swali: Nina michoro ya samaki aina ya furu, nataka kuifunga kwa ngozi ya sangara. Niliikausha juani na chumvi. Inanuka na imekakamaa. *(Msomaji, Kirumba)*

Jibu: Wazo lako lina uzito kuliko unavyolieleza. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka, yeye akiwa sababu kubwa. Furu waliofungwa ndani ya ngozi ya sangara: msomaji wa Mwanza ataelewa kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Usiongeze maneno ya kulifafanua jaladani.

Ngozi yako haijatengenezwa, imekaushwa tu. Harufu inatoka kwenye mafuta na nyama iliyobaki. Kwangua upande wa nyama kwa mgongo wa kisu, toa magamba, osha kwa sabuni na maji baridi mara kadhaa. Maji ya moto hapana, kwani ngozi ya samaki huyeyuka upesi ikawa gundi. Kisha loweka kwenye maji ya magome ya mwati. Siku 2 za kwanza yawe mepesi, rangi ya chai isiyokolea, halafu ongeza ukali kidogo kidogo kwa wiki 2 hivi. Ukianza na makali, nje inafunga na ndani inabaki mbichi, nayo itaoza baadaye ndani ya kitabu. Kata pembe utazame: rangi iwe moja hadi katikati. Ikiwa bado na unyevu, isugue kwa mafuta ya mnyonyo, ipigilie misumari juu ya ubao, ikae kivulini.

Kwa kuanzia funika mgongo tu, kipande cha sentimita 7 kwa 24, na majalada yawe ya karatasi. Vifuko vya magamba hufunguka kuelekea mkiani, hivyo paka gundi nyembamba na upanguse kuelekea huko huko, usivijaze.

Swali: Uzi wa nyavu unafaa kushonea? *(Msomaji, Mwaloni)*

Jibu: Ule usiosokotwa, unaong'aa, hapana: unakata karatasi, na fundo linateleza. Wa nailoni uliosokotwa unashika, ila unavutika unaposhona, kisha unarudi na kuchana matundu. Kama nyavu ni sehemu ya habari ya kitabu chako, utumie, lakini weka ukanda wa karatasi ngumu wa sentimita 2 ndani ya kila mkunjo ubebe mkazo. Vinginevyo shona kwa uzi wa pamba au katani laini uliopitishwa kwenye nta.

Swali: Nitengeneze nakala ngapi, na niandike nini mwishoni? *(Msomaji, Nyegezi)*

Jibu: Amua idadi kabla ya kuanza, usiibadilishe baada ya kuuza ya kwanza. Kwa kazi ya mkono, 10 hadi 20 zinatosha. Kata karatasi za ziada kwa nakala 2 katika kila 10, maana zitaharibika, na gharama yake iingie kwenye bei. Ukurasa wa mwisho taja jina lako, mahali, mwaka, karatasi na ngozi au kitambaa ulichotumia, na idadi ya nakala. Namba ya nakala, mfano 3/20, na saini viandike kwa penseli. Wino hupenya upande wa pili.