Kugawanya kwa 1 na kwa 0: anza na ndizi

Mama mwenzangu wa Moshi, nimekuelewa: mwanao wa darasa la tatu anaandika 6 ÷ 1 = 1 na 6 ÷ 0 = 0. Weka daftari pembeni kwanza. Mpe ndizi mchare sita na sahani moja, agawe. Zote sita zinabaki humo humo, yaani 6 ÷ 1 = 6. Ukiwa na sahani tatu bila ndizi, kila sahani inapata 0, lakini hiyo ni 0 ÷ 3, si 6 ÷ 0.

Sasa ondoa sahani zote, mwambie agawe zile sita. Atakutazama tu. Mwache akwame hapo, ndipo penyewe. Kisha muulize: namba gani ukizidisha kwa 0 unapata 6? Hakuna, kwa hiyo 6 haigawanyiki kwa 0. Usimkaririshe kwamba ni 0. Wangu nilimkaririsha hivyo, kumfutia hilo kichwani kulichukua muhula mzima.

Akishindwa hata kuhesabu hizo ndizi, muone mwalimu wake mapema.